Nipo Fes, Moroko: nataka mkoba wa ngozi, nisaidieni nisilizwe

Mtembezi wa Tanga: Wakuu habari za jioni. Keshokutwa alfajiri naondoka. Leo nimepelekwa Chouara, wanakochakata ngozi. Unapandishwa ngazi ndani ya duka, unapewa mnanaa wa kunusa, ukichungulia chini unaona matangi ya rangi yamebanana kama sega la nyuki, watu wamezama hadi mapajani. Muuzaji kataja dirham 1,800 kwa mkoba wa kike, nimemshusha hadi 1,400. Ni haki au napigwa? Na ngozi halisi naijuaje? Naombeni majibu haraka, usingizi hauji.

Kaka Mwembetayari: Bei ya kwanza kule ni salamu tu. Taja theluthi, kunywa chai yake, kisha nyanyuka kama waenda zako. Ngozi igeuze ndani utafute nyuzinyuzi. Vitundu vya vinyweleo vikiwa vimepangana sawasawa, hiyo ni kazi ya mashine.

Bi Shangani: Uulize na harufu! Yale matangi meupe ni chokaa na kinyesi cha njiwa, ndicho kinacholainisha ngozi. Nilirudi Unguja na jozi mbili za balgha za njano, zile ndara za ngozi za kule, mume wangu akazitoa barazani usiku huohuo. Nilizianika kivulini wiki kadhaa. Ila mpaka leo navaa, hazijachoka.

Mjukuu wa Fundi: Babu yangu alishona makubadhi Lamu hadi macho yalipomkataa. Mteja akija, anakanyaga kipande cha ngozi, babu anachora mguu kwa makaa. Siku hizi vijana wanavaa plastiki, halafu wanapanda ndege kufuata ngozi Moroko. Inaniuma.

Mzee Kabrasha: Mtoa mada, hujasema ngozi ya mnyama gani. Mbuzi? Ng'ombe? Ngamia? Bei utapimiwaje?

Mtembezi wa Tanga: Ngozi ya kawaida mkuu. Ina magamba kidogo.

Mzee Kabrasha: Magamba? Ya nini?

Mtembezi wa Tanga: Chatu. Sikuona kama ni jambo la kutaja. Mchumba alinitumia picha ya mkoba wa aina hiyo, nikamuahidi. Na ukweli nimeshatanguliza 700. Muuzaji anasema watalii wanabeba kila siku. Mkoba mmoja tu jamani!

Mzee Kabrasha: Hapo ndipo kwenye swali, si kwenye bei. Chatu wote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa 1973 wa biashara ya viumbe walio hatarini, na Moroko na Tanzania zote ni wanachama. Huenda ukahitaji kibali cha kusafirisha kutoka mamlaka za Moroko kabla hujaondoka. Risiti ya duka si kibali. Forodha wakiukamata umepoteza mkoba, na kesi juu.

Mama Ustadh: Mwanamke anayekupenda hatataka nyoka begani. Mnunulie kanga.

Jicho Kavu: Hii chai. Kajiunga jana, uzi wa kwanza tayari anatuandikia sega la nyuki. Huyu ni dalali wa duka, mtaona analeta namba ya simu.

Kaka Mwembetayari: Mnanaa na ngazi ni kweli, nimepanda mwenyewe.

Jicho Kavu: Hayo yako kwenye kila video. Alete risiti.

Mtembezi wa Tanga: Nina hela yangu imekwama halafu naitwa dalali? Risiti hii hapa, nimefunika jina la duka. Imeandikwa "sac cuir", 700, basi.

Bi Shangani: Kifaransa hicho: mkoba wa ngozi. Chatu hayumo.

Mzee Kabrasha: Kwa nini asimtaje? Mwambie aandike chatu na akupe kibali. Akisita, hana. Omba ile 700 ihamie kwenye mkoba wa mbuzi.

Jicho Kavu: Sawa, naondoa neno dalali.

Mjukuu wa Fundi: Mbuzi mwekundu si wa kudharau. Ile "ngozi ya Moroko" waliyojalidia vitabu Wazungu, nyingi ilitoka kwa Wahausa wa Kano na Sokoto, ikavuka Sahara kwa ngamia.

Mtembezi wa Tanga: Wakifungua tu asubuhi nipo mlangoni. Akikataa kubadilisha je? Na mchumba nimwambieje, ameshawaonyesha wenzake picha.

Bi Shangani: Mpigie usiku huu, kabla hujarudi dukani.