Buibui wa jukwaani anafanana na kunguni, turekebishe nini?

Mwalimu wa Kondele: Gredi ya 5 wanaigiza Anansi, buibui mjanja wa Waakan wa Ghana. Tumemtengeneza kwa katoni, kila mtu anamwita kunguni. Na uzi autoe mkononi?

Fundi Vikaragosi, Nakuru: Mwalimu, bila shaka miguu mmeibandika tumboni. Buibui ana sehemu mbili; miguu yote minane hutoka ile ya mbele. Mtoto atumie mikono na miguu yake, muongeze stokingi nne, mbili kila ubavu. Jazeni sponji na waya. Magazeti ni mazito, yanalegea kabla onyesho halijaisha. Zifungeni kwa uzi wa kuvulia kwenye viwiko, akiinua mkono zote zinapanda. Tumbo livaliwe nyuma kama begi, chini kidogo.

Nyar Nam: Uzi hutoka mwisho wa tumbo. Wa mkononi ni wa Spider-Man (1962), na yule ni binadamu.

Mkitaka mhusika wa kwetu, yupo buibui mrukaji *Evarcha culicivora* wa kando ya Ziwa Victoria: milimita 5 hivi, hurukia windo bila utando, na hupendelea mbu jike aliyeshiba damu. Mlafi wa damu asiyeuma mtu! Huyo hata uzi wa kutega hamhitaji.

Mwalimu wa Kondele: Stokingi nitatafuta soko la Kibuye.