Eti kuna TV Kanada wafanyakazi walikinunua kituo chao kwa dola 2?

Fundi Mitambo
Wakuu, za saa hizi. Mimi niko chumba cha mitambo kwenye kituo kidogo cha TV, jina tuliache, maana mshahara mwezi wa tatu huu ni hadithi na sitaki kuongezewa na barua ya onyo. Jana mhariri wetu kaja na stori kwamba Kanada kuna kituo kilinunuliwa na wafanyakazi wake kwa dola 2. Mbili, siyo milioni mbili. Tangu jana tunapiga hesabu: tuko 19, chetu tunanunua na chenji inabaki. Mwenye kujua atupe ukweli, na wanaishije mpaka leo?

Kijiko
Hiyo chai, mkuu. Dola 2 hupati hata waya wa antena.

Bint Wete
Si chai. Mimi niko Victoria, kisiwa cha Vancouver huko huko Kanada, mwaka wa sita huu, namtunza mzee mmoja ambaye ikifika saa kumi na moja jioni hata dawa hanywi mpaka habari za CHEK, ndicho kituo chenyewe, ziishe. Remoti anaikalia. Nikiitaka lazima nimwinue.

Kituo kilianza tarehe 1 Desemba 1956, cha kwanza cha binafsi jimbo zima la British Columbia. Mitambo ya kurushia iko kisiwa cha Saturna, juu mlimani. Sisi watu wa visiwa hili halihitaji maelezo: bara wana TV zao kubwa, lakini nani atakwambia boti ya asubuhi haiendi kwa sababu ya upepo? Huyo ndiye CHEK. Habari ya boti inatangulia ya waziri mkuu, na mzee wangu anaona hivyo ndivyo inavyopaswa.

Sasa hizo dola 2. Mwenye kituo alikuwa Canwest, kampuni kubwa ya Winnipeg iliyokuwa imezama kwenye madeni. Julai 2009 ikatangaza kwamba mnunuzi hakupatikana, CHEK inazimwa tarehe 31 Agosti. Mzee anasema siku zile alikuwa akiwasha TV kwa hofu, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa. Wafanyakazi na meneja wao, John Pollard, wakaanza kuchanga. Wakampata na Levi Sampson, mtu wa kiwanda cha Harmac, Nanaimo, kisiwa hiki hiki. Kiwanda kile nacho kilikuwa kimefilisika, na mwaka 2008 wafanyakazi walikinunua, kila mmoja akiweka dola 25,000. Kwa hiyo watu hapa walishaona kwa macho kwamba jambo linawezekana. Za CHEK zikafika dola milioni 2.5, za wafanyakazi na za wawekezaji wa hapa hapa. Tarehe 31 ikafika bado wanavutana. Tarehe 4 Septemba ndipo yakaisha.

Fundi, zile dola 2 ni za kuandika kwenye karatasi tu. Hiyo milioni 2.5 ndiyo iliyowasha taa kesho yake.

Kijiko
Naomba radhi, dada. Lakini tajiri gani anaachia mali kwa dola 2?

Bint Wete
Anayepata hasara kila mwezi. Canwest hao hao, kituo chao cha CHCH cha Hamilton na kimoja cha Montreal walivitoa vyote viwili kwa dola 12. Cha Red Deer hakikupata mtu, kikazimwa tarehe ile ile 31 Agosti. Na Canwest wenyewe Oktoba walikuwa mahakamani wakiomba kinga dhidi ya wadai.

Fundi Mitambo
Asante sana, dada. Na hela ya kila siku inatoka wapi? Matangazo tu?

Bint Wete
Matangazo ndiyo mengi: wauza magari, maduka ya vitanda, mashine za kusikia za wazee (mzee wangu akiliona hilo anapunguza sauti). Kampuni za kebo zinaibeba CHEK bila kuilipa. Vituo vilidai vilipwe, kesi ikafika Mahakama ya Juu kabisa ya nchi, 2012 wakashindwa. Kilichosaidia ni mfuko ulioanza 2017: kampuni kubwa za kebo na dishi zinatoa asilimia 0.3 ya mapato yao kwa habari za vituo huru vya namna hii. Usione dogo. Huko kwenu mfuko huo upo?

Fundi Mitambo
Haupo. Nimepita meza hadi meza leo. Kati ya 19, waliosema wataweka chochote ni sita, na mmoja wao ni mlinzi.

Bint Wete
Kabla hujawahesabu watu, mnara ni wa nani?

Fundi Mitambo
Wa kukodi. Na kodi tunadaiwa miezi minne.