Naomba ushauri: tunataka kuipiga albamu nzima ya "Back to Black" kwa bendi ya wapiga ala watano

Mwimbaji_Alto: Wanajamvi, habari zenu. Mimi ni mwimbaji wa bendi ndogo yenye dramsi, besi, gitaa, kinanda na saksafoni moja, na tumekubaliana kuandaa onyesho la albamu ya pili ya Amy Winehouse, ile ya mwaka 2006, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Naipenda mno albamu hii, hivyo sitaki tuipige ovyoovyo. Mazoezini nyimbo zinatoka nzito, tena zinazidi kupoa kadiri tunavyoendelea. Wenzangu wanashauri niige sauti yake zaidi. Je, kasoro ni sauti yangu kweli?

Mzee wa Besi: Dada, sauti yako iache ilivyo. Amy alitokea kwenye jazi, na mara nyingi anaiweka sentensi nyuma kidogo ya mapigo, kisha anaidaka mbele. Nahisi wewe unafanya hivyo hivyo, na bendi inakusubiri. Mkifika kiitikio cha pili, mwendo umeshashuka. Nyimbo alizozitayarisha Mark Ronson zimebebwa kwa sehemu kubwa na wanamuziki wa Dap-Kings, bendi ya soul ya Brooklyn, New York, waliozoea kurekodi kwenye tepu wakiwa pamoja chumbani, na hao hawamsubiri mtu. Fanyeni mazoezi ya dramsi na besi pekee, bila wewe, hadi mwendo usimame wenyewe. Besi ipige noti fupi, na matoazi yapunguzwe.

Sahani ya Santuri: Naunga mkono. Nyongeza yangu ni kuhusu wimbo uliobeba jina la albamu. Amy alimsikilizisha Ronson muziki wa Shangri-Las, kundi la wasichana wa Marekani la miaka ya 1960, naye akatunga piano, dramu kubwa na tari lenye mwangwi mwingi. Tafuteni hilo tari kabla ya kitu kingine chochote. Katikati, pale ala zinapopungua na yeye analirudia neno moja tu, mpiga kinanda asijaze nafasi ile, hata akitamani vipi.

Mwimbaji_Alto: Shikamoo Mzee wa Besi, na asanteni nyote. Ni kweli, dramsi hunifuata mimi. Je, zile nyimbo za Salaam Remi, mtayarishaji mwingine wa albamu hii, nazo tuzipige namna hiyo?

Mzee wa Besi: Marahaba. Hapana, hizo zina ulegevu wake, hasa "Just Friends", ambao una harufu ya rege. "Tears Dry on Their Own" ulianza ukiwa wimbo wa taratibu, na toleo hilo limo katika albamu iliyotolewa mwishoni mwa 2011, baada ya kifo chake. Lisikilize ili uyajue maneno kwa uchungu wake, kisha uimbe toleo la haraka.

Sahani ya Santuri: Angalieni pia nakala mnayojifunzia, maana toleo la awali la Marekani halina "Addicted", wimbo unaofunga albamu ya Uingereza. Zote 11 hazifiki dakika 35, kwa hiyo msizirefushe kwa solo. "Love Is a Losing Game" mwachieni mpiga gitaa na wewe tu. Kwenye hafla ya Mercury, tuzo ya albamu bora ya Uingereza, mwaka 2007, Amy aliuimba akisindikizwa na gitaa tu.

Mwimbaji_Alto: Nimeelewa. Mazoezi yajayo dramsi na besi wataanza peke yao, nami nitakaa pembeni nisikilize.