Mrejesho: dawa za ugonjwa wa Crohn kabla ya upasuaji

Niliuliza kama mdogo wangu, mwenye ugonjwa wa Crohn (uvimbe wa kudumu kwenye njia ya chakula), aache infliximabu na prednisoloni, dawa ya aina ya steroidi, kabla ya kukatwa kipande cha utumbo mwembamba kilichokuwa kimeziba, kwa kuwa nilihofia kwamba dawa zinazopunguza kinga zingezuia kidonda kupona. Nawashukuru nyote mliojibu. Upasuaji umefanyika na anaendelea vizuri.

Kwa upande wa dawa, daktari alisema tatizo ni prednisoloni. Steroidi zikitumika kwa wiki kadhaa, hasa kwa dozi ya miligramu 20 au zaidi kwa siku, huongeza uwezekano wa maambukizi na wa mshono wa utumbo kuvuja. Hata hivyo haziachwi ghafla, kwa sababu tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, huwa zimepunguza kazi na mwili unaweza kukosa kotisoli, homoni inayousaidia kukabili mshtuko kama upasuaji, wakati unapoihitaji mno. Dozi ikashushwa hatua kwa hatua. Kuhusu infliximabu, utafiti wa Marekani uitwao PUCCINI haukuona kwamba dawa za kundi hilo zinaongeza maambukizi baada ya upasuaji, hivyo madaktari hawakuona sababu ya kuahirisha upasuaji kwa ajili yake.

Kilichonigusa ni kwamba daktari aliweka kidole kwenye mstari wa albumini, protini ya damu ambayo ikipungua huashiria mwili kudhoofika, katika karatasi ya vipimo, akasema kwamba mwili uliodhoofika humtia wasiwasi kuliko orodha ya dawa. Mdogo wangu akaanzishiwa lishe maalumu ya kunywa kwanza, ndipo tarehe ikapangwa. Prednisoloni ameshaimaliza, sindano za kuzuia damu kuganda, hatari iliyo kubwa zaidi kwa wenye ugonjwa huu kuliko kwa watu wengine, bado anaendelea nazo.