Nimenunua fleti Moshi, chama kinagoma kuhamisha jina. Nifanyeje?

Mpya_wa_Rau
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada maana usingizi sina. Mwaka jana mwezi wa tisa nilinunua fleti ya vyumba viwili hapa Moshi, ghorofa ya pili, jengo ni la chama cha ushirika wa nyumba cha wafanyakazi wa zamani, jina la chama silitaji. Aliyeniuzia ni mzee mstaafu, mstaarabu kabisa, karudi zake Rombo. Bei milioni 62, nimelipa kwa benki awamu mbili, mkataba tumeandikishana kwa wakili, mashahidi wapo, funguo nikapewa nikahamia, nikajua mambo yameisha.

Kumbe ndo yanaanza. Nimeenda ofisi ya chama nibadilishiwe jina, katibu kafungua kaunta buku, kapitisha kidole taratibu mpaka chini, kaniambia "sisi wewe hatukujui". Eti mzee alitakiwa kuwaambia kwanza wanachama wapewe nafasi ya kununua. Halafu nilipe ada ya uhamisho asilimia 5 ya bei, hiyo ni milioni 3.1. Halafu tena mzee anadaiwa michango ya mlinzi na pampu ya maji tangu 2021 kwa hiyo nilipe mimi. Nikiomba waniandikie hayo yote hawaandiki, ni njoo kesho, mwenyekiti kasafiri, kikao akidi haijatimia, miezi saba sasa napigwa danadana. Na kila nikinunua umeme wa luku jina linalotoka ni la mzee, huwa naliangalia nakosa raha. Juzi wamebandika tangazo getini wameandika "mpangaji fleti namba 9". Mpangaji! Sasa niende mahakamani au niwape tu hela yao yaishe?

MamaNjiro
Pole sana kaka. Usitoe hata mia kabla hujaona karatasi. Mi yalinikuta huku Arusha, nikatoa hela ya "kuharakisha", nikapewa risiti ya mkono haina hata namba, viongozi wakabadilishwa na wapya wakasema hawaitambui. Nilianza upya kama sijawahi kulipa. Ila nikuulize, hati ya hiyo fleti ina jina la nani? Maana hujaitaja popote na mimi hapo ndo nimeshtuka.

Mpya_wa_Rau
Dada, mzee alinipa cheti cha hisa na barua ya ugawaji ya 1998 yenye muhuri wa chama. Hati sijawahi kuiona, aliniambia iko ofisini.

Meku_Kiboriloni
Haaa meku umenunua karatasi ya muhuri milioni 62 😂 natania, usikasirike. Lakini Moshi hii hii, mji wa ushirika, chuo kikuu cha ushirika tunacho hapa, halafu mtu hajui kuomba masharti ya chama, yaani kanuni zake zilizoandikwa?

Karani_Mstaafu
Acheni kumcheka mwenzenu, wengi mnaokaa kwenye maghorofa ya vyama mko hivyo hivyo ila hamjauza bado ndo maana hamjajua. Nimekaa na mafaili ya ardhi miaka mingi, sikiliza kijana.

Kwa unavyosema inaelekea hati ya kiwanja ni moja na ni ya chama, mzee alikuwa na hisa na haki ya kukaa kwenye ile fleti. Tangu 2008 tuna sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, jengo linapimwa na kila fleti inapata hati yake, lakini haiji yenyewe, lazima mwenye kiwanja aombe, na vyama vingi vya zamani havikuomba. Kwa hiyo kwanza nenda kwa Msajili wa Hati ufanye upekuzi, ujue kama fleti ina hati yake au ni ile ya jumla. Kama ina hati yake basi katibu hana kauli kubwa, unaenda ardhi na mkataba, mzee analipa kodi ya faida TRA, kwa kawaida asilimia 10 ya faida siyo ya bei yote, wewe ushuru wa stempu asilimia 1, mnaomba kibali cha uhamisho, jina linahama.

Kama ni ya jumla, lazima upite kwa chama, na hapo ndo masharti yao yaliyosajiliwa yanaongea, siyo kaunta buku. Hiyo asilimia 5 imo kwenye masharti au imezaliwa asubuhi ile ulipoingia ofisini? Na hilo la wanachama kupewa nafasi kwanza usilidharau, kwenye vyama vingine limo kweli, na likiwemo mzee ndo alikosea siyo wao. Andika barua uombe nakala ya masharti, barua peleka mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokea. Wakikataa, tuma kwa posta ya rejista. Mgogoro wa chama cha ushirika unaanzia kwa Mrajis wa vyama vya ushirika, ofisi ya Mrajis Msaidizi iko mkoani, usikimbilie Baraza la Ardhi watakurudisha, na lile la kata siku hizi kazi yake ni kusuluhisha tu tangu 2021. Wakati huo huo ongea na wakili wako kuhusu kuweka zuio kwa Msajili, chama kisije kuweka hati rehani benki wewe ukiwa ndani unapika ugali.

Na mke wa mzee alisaini?

Mpya_wa_Rau
Mzee Karani umenimaliza. Mama hakusaini, alikuwepo tu akatuletea chai.

MamaNjiro
Chai siyo saini jamani 😅 Mpigie mzee leo leo, mama akaandike ridhaa mbele ya wakili wakati bado mnaelewana na afya zao ziko sawa. Mzee akitangulia utakutana na watoto, na watoto hawakunywa hiyo chai.

Meku_Kiboriloni
Hapo kwenye watoto nakubali asilimia mia. Sisi kwetu mjomba kauza robo heka, kesi mpaka leo. Na hayo madeni ya pampu mbane mzee mwenyewe, angalia mkataba kama aliandika anauza bila deni.

Mpya_wa_Rau
Mrejesho. Barua nimepeleka jana, katibu kaisoma mara mbili kavua miwani kauliza nani kanifundisha, muhuri kagoma kugonga. Leo nimeituma posta kwa rejista, risiti ninayo. Upekuzi naenda Jumatatu. Mzee nimempigia, kwenye mkataba ameandika hana deni na amekasirika kweli, anasema michango alilipa yote na risiti ziko kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda. Alhamisi anashuka na mama, nawapokea stendi.