Tupeane uzoefu: ulipofiwa, moyoni uliamini mtu wako yuko wapi? (Wakristo wa Tanga na Bagamoyo)

Mwana wa Dunda
Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Mama yetu katutoka mwezi uliopita, tumemzika hapa hapa Bagamoyo. Mkatoliki haswa, hadi anaingia kwenye jeneza rozari ipo mkononi. Sasa arobaini inakaribia, nimeenda parokiani kuweka nia ya Misa, braza wangu mkubwa ambaye alihamia Usabato kitambo kaniambia hatoi hata mia, eti mama amelala na hajui lolote, hiyo hela tununue simenti tujengee kaburi. Na Misa imeangukia Jumamosi, hapo ndo kabisaaa. Sitaki mnifundishe dini jamani, wa kunifundisha ninao wa kutosha, nataka uzoefu. Mi mwenyewe usiku nikipita mlangoni kwake nasema "lala salama mama" halafu najiuliza nimemwambia nani.

Chungwa la Muheza
Pole sana ndugu. Sisi ni Waanglikana, ila Waanglikana wa huku sio kama wa Dodoma. Huku waliotuletea ni wale wamisionari wa UMCA wa Magila, Waanglikana wanaofanana na Wakatoliki, kwa hiyo ubani upo na marehemu anaombewa kama kwenu Roma. Wa Dodoma waliletewa na CMS, shirika jingine la Kianglikana la wa Kiinjili, hayo mambo hawana. Mke wangu wa Dodoma, Muanglikana huyo huyo, babu yangu alipofariki tukaanza kumwombea pale kaburini nikaona mwenzangu kakodoa macho, akaninong'oneza "hivi hili ni kanisa letu au tumepotea njia?" Kanisa moja, askofu mkuu mmoja, ndani ya nyumba yangu marehemu wanakaa sehemu mbili tofauti. Tumeshazoea. Mimi naomba, yeye anasubiri nimalize ale.

Barabara ya 14
Mi Muislamu wa Ngamiani nimepita tu. Majirani zangu Wakristo nimebeba sana majeneza yao na makaburi nimechimba. Swali langu moja, kwa nini mnamuweka mtu mochwari wiki nzima mkisubiri shangazi atoke Mwanza? Haya endeleeni, poleni.

Msabato wa Chumbageni
@Mwana wa Dunda braza wako simtetei kwenye hela, ila acha nikwambie kwa nini baadhi yetu tunaing'ang'ania ile Mhubiri 9:5, wafu hawajui neno lolote. Nilizika mtoto wa miaka minne. Msibani kila anayeingia ananiambia usilie, malaika wako yuko juu anakuona. Walikuwa na nia njema, lakini nilikuwa naumia mara mbili, maana nikawa nafikiria kama ananiona basi ananiona navyogaragara chini, na kama alikuwa analia akiachwa chekechea masaa mawili tu, huko anakaa na nani? Mzee wa kanisa letu akaja jioni akakaa kwenye mkeka hana hata Biblia, akasema mtoto amelala, hana baridi, hana hofu, hakutafuti. Parapanda ikilia atafumbua macho na kwake itakuwa kama dakika moja imepita. Usiku ule ndo nililala. Watu wanaona fundisho la usingizi ni la baridi, kwangu mimi lilikuwa blanketi.

Dada Neema
Mi mlokole na kwetu hakuna toharani (pale Wakatoliki wanasema roho inasafishwa kabla ya mbinguni) wala nini, Waebrania 9:27, mtu anakufa mara moja na baada ya hapo hukumu. Naamini. Lakini siku ya baba yangu mchungaji mmoja (simtaji wala kanisa) alisimama mbele ya jeneza akasema marehemu alipewa nafasi akachezea, sasa nyie mlio hai msichezee. Mama yuko mstari wa mbele na khanga mdomoni. Tangu siku hiyo nasoma sana yule mwizi wa msalabani, Luka 23:43, "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi". Yule hakubatizwa, hakutoa zaka, hakuhudhuria hata mkesha mmoja. Baba usiku wa mwisho nilikuwa naye mimi, sio mchungaji, na alikuwa anachezesha midomo.

Msabato wa Chumbageni
Dada Neema pole mno, huyo mchungaji alikosea. Ila ile koma ya Luka 23:43, Kigiriki cha zamani hakikuwa na koma, inaweza kusomeka "nakuambia leo,

Dada Neema
Kaka angu naomba hiyo koma uniachie.

Msabato wa Chumbageni
Nimekuachia.

Bwana Mkonge
Sisi ishu yetu ilikuwa majivu. Mjomba alikaa Ujerumani karibu maisha yake yote, akafia huko, mkewe akamchoma kama wanavyofanya wenzetu, halafu akatuletea kwenye chombo kama birika hivi lisilo na mdomo. Bibi, yani mama yake, Msambaa wa Lushoto na Mkatoliki wa zamani, alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akauliza "siku ya ufufuo atasimama na nini?" Hakuna aliyejibu.

Ikabidi aitwe padre. Akaeleza vizuri tu kwamba kanisa liliruhusu kuchoma mwili tangu 1963, mradi mtu hafanyi kwa kuukana ufufuo, ila majivu yazikwe sehemu takatifu, 2016 Roma wakakumbusha tena kwamba hayamwagwi baharini wala hayagawanywi wala hayawekwi kabatini nyumbani. Na kwamba Mungu aliyemtoa Adamu kwenye mavumbi hawezi kushindwa na birika. Bibi akasikiliza yote, akasema sawa baba, halafu akaagiza jeneza la mtu mzima. Futi sita! Tukaweka kile chombo katikati, tukakizungushia mashuka aliyotandikiwa mjomba alipokuja likizo mara ya mwisho, ili kisigongegonge njiani. Wabebaji tulikuwa sita na jeneza jepesi kama kapu, kila mtu anajifanya anaelemewa kwa sababu bibi anaangalia.

Halafu nyie wa Bagamoyo ndo mnaniulizaga kuhusu majivu wakati Livingstone, yule mmisionari wa Kiskoti, moyo wake ulizikwa Chitambo huko Zambia, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao wakabeba mwili miezi na miezi, ukalala usiku mmoja pale misheni kwenu Februari 1874, ukaenda kuzikwa London kwenye Westminster Abbey. Huyo naye atasimamia wapi?

Binti Mvuvi
Nimesoma mpaka hapa nikasema nami niandike. Nyie mna majivu, mna kaburi. Sisi hatuna.

Kaka yangu alitoka na ngalawa alfajiri, wawili, kipindi cha kusi. Ngalawa ilipatikana siku ya tatu, imepinduka, rengu la upande mmoja limevunjika. Mwenzake aliokotwa, Muislamu, akazikwa siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Kaka hakuonekana. Tukakaa msibani lakini msiba gani, ukipika unampikia nani, matanga hayaanuliki kwa sababu mama anasema hajazika. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwa aibu. Sijui ilikuwa wiki ya pili au ya tatu katekista wetu akaja jioni, mzee mmoja hivi wa maneno machache, akafungua Ufunuo 20:13 akasoma nusu mstari: "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake." Akafunga. Mama akamwambia rudia. Akarudia. Akamwambia tena. Ndo akakubali Misa isomwe, jeneza hakuna, pale mbele imewekwa picha yake ya kitambulisho cha kura iliyokuzwa mpaka sura imekuwa vidoti vidoti.

Sasa kila tarehe 2 Novemba wenzetu wanaenda makaburini kufyeka na kuwasha mishumaa, mama anashuka ufukweni kwenye ule msalaba wa wamisionari waliofika 1868. Upepo ule mshumaa haukai hata sekunde. Basi anakuja na kopo la maziwa ya unga, analizamisha kwenye mchanga nusu, mshumaa ndani, anasema "raha ya milele umpe ee Bwana" mimi naitikia "na mwanga wa milele umwangazie". Toharani, mbinguni, amelala, sijawahi kumuuliza mama anaamini lipi. Anahesabu maji yanavyopanda, yakikaribia kopo tunaondoka.

Chungwa la Muheza
Daah.

Mwana wa Dunda
Nimewasoma wote, wengine mara mbili. Mrejesho: nimerudi parokiani, nia imehamia Jumapili misa ya kwanza. Nikampigia braza, nikamsomea ile ya mtoto ya @Msabato wa Chumbageni, akanyamaza sana nikadhani simu imekata. Akasema atakuja, ndani haingii, atatungoja makaburini. Na atakuja na chepe, kwa sababu kwa mvua hizi za juzi udongo kwa mama umetitia upande wa miguu.