Tupeane uzoefu: dawa ya chawa wa kichwani, mliwapakaje watoto?

Mama Mikindani: Habari za humu ndugu zangu. Wanangu wamerudi likizo kutoka kwa bibi yao Tandahimba, vichwa vinawawasha. Mtaani nashauriwa mafuta ya taa, mwingine ananiambia dawa ya mikorosho iliyobaki stoo. Mliotumia dawa ya dukani nielezeni mlivyofanya, tafadhali.

Mkulima Newala: Dada, hiyo ya mikorosho usiiguse kabisa. Msimu wa kupuliza, nyumba nyingi huku zinalala na chupa ya sumu ndani. Jirani yangu alimpaka binti yake, akamfunga kitambaa. Jioni mtoto akawa anatoka mate, anatapika, jasho linamtiririka, mboni za macho zimesinyaa kama tundu la sindano. Tulimkimbiza hospitali, Mungu akamnusuru. Ngozi ya kichwa inafyonza sumu, na kitambaa kinazidi kuibana humo. Jina lisiwadanganye: malathioni, sumu ya kuua wadudu, ipo ya chawa na ya shambani; ya chawa nguvu yake ni 0.5%, ya shambani inafika hata 50%. Ukiona dalili hizo, mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, na uende hospitali na chupa yenyewe waisome.

Muuza dawa Masasi: Kwangu wengi wanachukua permethrini. Someni nguvu yake: ya chawa ni 1%, ya 5% ni ya upele. Mtoto ambaye hajafikisha miezi miwili hapakwi. Osha nywele kwa shampuu ya kawaida bila kondishena, futa kwa taulo zibaki na unyevu, kisha paka hadi ngozi iguswe, hasa kisogoni na nyuma ya masikio. Mtoto azibe macho kwa kitambaa. Dakika 10 zinatosha. Wapo wanaolala nayo wakidhani itaua zaidi, wanaambulia mwasho tu. Suuza kichwa kimeinamia beseni, dawa isitiririke mwilini.

Mama wawili Lindi: Na mrudie! Kwangu chawa walikwisha tulipopaka tena siku ya tisa. Dawa inaua chawa, lakini mayai mengine yanabaki hai na kuanguliwa baada ya wiki moja hivi. Wifi yangu aliona chawa wanajikokota asubuhi yake, akataka tupake tena hapo hapo. Nikamkatalia. Wanaojikokota wanakufa, hao unawatoa kwa kitana chenye meno yaliyobanana, mtoto ameketi mlangoni penye mwanga, kanga nyeupe mabegani. Wakiwa bado wachangamfu baada ya kupita muda wa saa 8 hadi 12 tangu kupaka, hapo ndipo ukaulize dawa nyingine.

Baba Ruangwa: Sisi tulinyoa kipara. Yakaisha siku hiyo hiyo.

Mwalimu wa madrasa, Kilwa: Mabinti zangu, mafuta ya taa yanababua ngozi, na nyumba yenye jiko la mkaa au kibatari inaweza kumwasha mtoto moto. Tafadhali acheni. Chawa haruki wala hana mabawa, anatambaa kutoka nywele hadi nywele, na hachagui kichwa kisafi au kichafu, kwa hiyo msiwaaibishe watoto. Chuoni kwetu kila mmoja anavaa ushungi wake, habadilishani. Nyumba haina haja ya kupuliziwa dawa, maana chawa akitoka kichwani hamalizi siku mbili. Foronya na mitandio tunafua kwa maji ya moto na kuanika juani.

Mama Mikindani: Asanteni sana. Kuna kichanga wa mwezi mmoja, namnyonyesha, na mimi nimeanza kuwashwa.

Muuza dawa Masasi: Wewe unaweza kupaka, mama. Nawa mikono vizuri, na dawa isifike kifuani. Kichanga usimpake. Lowesha nywele zake, mchane taratibu kwa kitana, na umpeleke kliniki wamwangalie.